Kutoka Queen Square hadi Salpêtrière: kumbi ambamo ubongo ulibishaniwa

Njia yenyewe ni fupi: London, kisha Paris, na treni moja katikati. Lakini ndimo humo hoja nyingi za neurosaikolojia, yaani elimu ya uhusiano wa ubongo na akili na tabia, zilipowekwa mezani kwa mara ya kwanza, na baadhi ya majengo hayo bado yanaendesha vikao. Simulizi hii imepangwa upya nyumbani kutokana na daftari na picha za simu. Imelengwa kwa wanasaikolojia tiba, madaktari wa mishipa ya fahamu, watibabu wa usemi na wanafunzi wao wanaofikiria kupita njia hiyo. Saa ni za Kiswahili. Ratiba za huko zikiandika 14:00, ni saa nane mchana.

Kabla ya kuondoka

Viza ni mbili. Ya Uingereza haikuingizi Ufaransa, na ya Schengen, ambayo ndiyo ya Ufaransa, haikuingizi Uingereza. Ombi la Uingereza hupokelewa kuanzia miezi mitatu kabla ya safari. La Schengen kuanzia miezi sita kabla, na lisivuke siku 15 za mwisho. Pasipoti mara nyingi hubaki kwenye kituo cha maombi, kwa hiyo usipange kuyapeleka yote mawili kwa wakati mmoja. Ada ya Schengen kwa mtu mzima ni yuro 90, na bima ya safari sharti iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000.

Kinachokwamisha wengi ni barua ya mwaliko. Iombe mapema kwa waandaaji, nayo itaje jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe za kikao, unakwenda kutoa mada au kusikiliza, na nani analipia nauli, malazi na ada ya ushiriki. Barua yenye salamu nyingi isiyosema nani analipa haimsaidii afisa wa viza hata kidogo.

Jumapili, 21 Septemba 2025. Heathrow hadi Bloomsbury

Reli ya chini ya ardhi ya Piccadilly inatoka Heathrow hadi Russell Square bila kubadilisha treni. Ni kama saa moja, na nauli mwaka 2025 haikufika pauni 6. Gusa kadi ya benki unapoingia na uguse kadi ileile unapotoka. Ukiingia kwa kadi na kutoka kwa simu, mashine inahesabu wasafiri wawili ambao hawakumaliza safari, na wote wawili wanatozwa nauli ya juu. Russell Square ina lifti. Ngazi zake za mzunguko hazifai kwa mtu mwenye sanduku. Mfanyakazi wa kituo alikuwa amesimama hapo akiwageuza wageni mmoja mmoja kabla hawajaanza kupanda.

Mabweni ya vyuo vya Bloomsbury hupangisha vyumba kwa wageni wakati wa likizo ya kiangazi, kwa bei nafuu kuliko hoteli. Mwishoni mwa Septemba wanafunzi wamesharudi, na mlango huo umefungwa. Anayeweza kuchagua kikao cha Julai au Agosti atapata nafuu kubwa hapo.

Tofauti ya saa na Afrika Mashariki wakati huo wa mwaka ni saa mbili tu. Inaonekana ndogo, ila mwili uliozoea kulala saa nne usiku utaanza kusinzia saa mbili, na mihadhara ya wazi ya jioni huwa ndiyo kwanza imefika kwenye maswali.

Jumatatu, 22 Septemba. Queen Square

Ni bustani ndogo ya mstatili, na pande zake karibu zote ni hospitali, maabara na maktaba. Hospitali ya taifa ya magonjwa ya mishipa ya fahamu ilianzishwa hapa mwaka 1859 kwa juhudi za Johanna Chandler na ndugu zake, wakati ambapo mwenye kifafa au aliyepooza hakuwa na wodi ya kumpokea. John Hughlings Jackson aliingia mwaka 1862. William Gowers, Victor Horsley na David Ferrier walifanya kazi hapahapa.

Anayetaka kuelewa kwa nini mahali hapa pana uzito aanze na vitabu vya kumbukumbu za wagonjwa vya karne ya 19, ambavyo hifadhi ya Queen Square inavitunza na vingi vimepigwa picha za kidijitali. Jackson hakuwa na kipimo cha picha. Alichokuwa nacho ni mpangilio: degedege limeanza kwenye kidole gumba, likapanda mkono, likafika usoni. Kutokana na mfuatano huo alikisia kwamba sehemu za mwili zimepangwa kwa utaratibu fulani ndani ya ubongo, miaka kadhaa kabla Fritsch na Hitzig, madaktari wa Ujerumani, hawajalithibitisha kwa umeme kwenye mbwa mwaka 1870. Ukisoma kurasa hizo, angalia jinsi maelezo yanavyotaja upande, saa na mfuatano. Taarifa nyingi za leo zinaandika "alipata degedege" na kuishia hapo.

Kwa wanaotaka kuingia hifadhi: andika barua pepe wiki kadhaa kabla, taja kitabu au daktari unayemtafuta, na uje na kitambulisho. Penseli tu, kalamu hapana. Kumbukumbu za miaka ya karibu zimefungwa kwa sababu ya faragha, hata kwa mtafiti.

Kikao cha kila wiki cha wagonjwa, kinachoitwa Gowers Round, ni cha wanataaluma. Wageni waombe nafasi mapema na wasitegemee kuingia kwa kubisha mlango. Muundo wake unafaa kuigwa popote: historia ya ugonjwa inasomwa, watu ukumbini wanalazimika kusema kidonda kiko wapi kabla ya kuonyeshwa picha, ndipo picha inafunguliwa. Kukosea mbele ya watu kumo ndani ya mafunzo.

Nambari 12 ya uwanja huo ni maabara ya picha za ubongo iliyoanzishwa mwaka 1994. Programu ya SPM ya kuchanganua picha za ubongo, ambayo wengi wetu tumeitumia bila kujua ilikotoka, ni kazi ya Karl Friston na wenzake wa hapo. Chakula cha mchana kwenye benchi la bustani ni mkate wenye jibini kutoka duka la kona, na majirani zako kwenye benchi ni wauguzi waliovaa beji.

Jumanne, 23 Septemba. Kikao cha visa vya wagonjwa

Siku hii ndiyo iliyojaza daftari. Ukumbi wa chuo kimoja, watu kama sitini, mada za dakika 15 na maswali dakika tano. Mada kadhaa za asubuhi zilikuwa za wastani na zinaweza kurukwa. Zilizofaa ni zile zilizobanwa kwa maswali, na karibu kila swali lilirudi kwenye mambo yaleyale: mgonjwa ana miaka mingapi ya shule? Alipimwa kwa lugha gani, na nyumbani anasema lugha gani? Miwani alikuwa ameivaa? Kundi linganishi lina watu wangapi?

Swali la mwisho lilimkamata mtoa mada mmoja, na hesabu yake inafaa kuwekwa hapa wazi. Chukua kundi linganishi la watu 10 wenye afya, wastani wa alama 20, mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi alama zilivyotawanyika) 3. Mgonjwa amepata 13. Kwa alama Z ya kawaida yuko mikengeuko 2.33 chini ya wastani, na uwezekano wa mtu mwenye afya kupata alama hiyo au pungufu unasomeka kama 0.01. Inavutia. Ila wastani na mkengeuko huo vimekadiriwa kutoka kwa watu 10 tu, na alama Z inajifanya kwamba vinajulikana kwa uhakika. Mwaka 1998 Crawford na Howell walipendekeza njia ya kurekebisha: zidisha mkengeuko kwa kipeuo cha pili cha (n+1)/n. Hapa n ni 10, kwa hiyo 3 × 1.049 = 3.15. Tofauti ya 7 gawanya kwa 3.15 ni 2.22, na inasomwa kwenye jedwali la t kwa digrii 9 za uhuru, yaani n kutoa moja. Jibu ni karibu 0.03. Mgonjwa bado yuko chini, lakini "mmoja kati ya mia" amekuwa karibu "watatu kati ya mia". Anayepeleka kisa kwenye kikao cha namna hii afanye hesabu hiyo nyumbani, maana ukumbini itafanywa na mtu mwingine.

Baada ya chai kulikuwa na meza ya vipimo kwa wazungumzaji wa lugha zisizo Kiingereza. Kwa msomaji wa Kiswahili hapa ndipo penye nyama.

Kipimo cha kutaja maneno kwa herufi, kwa dakika moja kila herufi, hutumia F, A na S kwa Kiingereza. Ukimpa mzungumzaji wa Kiswahili herufi K umemfungulia bomba: kula, kulala, kukimbia, kupika, kila kitenzi kinaingia kwa ku-. Mgonjwa na mtu mwenye afya wote wanapaa, na kipimo hakitofautishi tena. M nayo ina mwalimu, mkulima na miti yote kwa umoja wake. Ama maelekezo yakataze vitenzi vinavyoanza na ku- na yaandikwe hivyo kwenye fomu, ama utumie makundi ya vitu: wanyama, vyakula, vyombo. Gawa dakika katika robo za sekunde 15 na uandike idadi ya kila robo. Mwenye tatizo la sehemu ya mbele ya ubongo mara nyingi huanza kwa shida hata kama anaokoa alama mwishoni.

Kurudia tarakimu nako kuna mtego. Moja hadi tisa kwa Kiswahili zote zina silabi mbili, wakati kwa Kiingereza karibu zote zina silabi moja. Baddeley na wenzake walionyesha mwaka 1975 kwamba kadiri maneno yanavyochukua muda mrefu kutamkwa, ndivyo machache yanavyoshikika kwenye kumbukumbu ya muda mfupi. Kwa hiyo kutumia viwango vya Kiingereza kwa aliyepimwa kwa Kiswahili kunaweza kumpa upungufu asio nao. Mwandike alipimwa kwa lugha gani, na usichanganye lugha katikati ya kipimo kimoja. Wengi wetu huhesabu kwa Kiingereza tulichojifunzia shuleni bila hata kujitambua.

Kwa upande wa michoro, mfano mzuri ni IDEA, kipimo cha kuchunguza dalili za dementia kilichotengenezwa kwa wazee wa Wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Badala ya kumpa mzee kalamu anakili umbo, anapewa vijiti vya kiberiti apange umbo aliloonyeshwa. Mzee asiyewahi kushika kalamu hapotezi alama kwa sababu ya kalamu.

Mambo ya jukwaani yaliyoharibika siku hiyo, na sababu zake. Video ya mgonjwa haikucheza kwa sababu ilikuwa imeunganishwa tu na slaidi na haikuwekwa ndani ya faili. Nakili video na slaidi kwenye folda moja, na uzijaribu kwenye kompyuta ya ukumbi, si yako. Herufi zenye alama maalumu ziligeuka visanduku; hifadhi nakala ya PDF pembeni. Kompyuta mpakato moja haikuwa na tundu la kebo ya projekta. Beba adapta yako mwenyewe. Lililokuwa baya zaidi: slaidi iliyoonyesha kurasa halisi za kipimo. Mwenyekiti wa kikao aliisimamisha papo hapo. Kipimo kikishaonekana hadharani na kupigwa picha na simu arobaini, kinapoteza kazi yake, na kina hakimiliki. Chora mfano wako unaofanana nacho.

Jumatano, 24 Septemba. Strand, Bow Street, na teksi

Kutoka Holborn ukishuka Kingsway kwa miguu unafika mtaa wa Strand kwa dakika kama kumi. Basi mwaka 2025 lilikuwa pauni 1.75, na ndani ya saa moja unaweza kubadilisha mabasi bila kulipa tena.

Agosti 1881 London ilipokea kongamano la kimataifa la madaktari, watu zaidi ya 3,000. Ubishi uliotawala ulikuwa kati ya Friedrich Goltz wa Strasbourg na David Ferrier. Goltz alisema kazi za ubongo haziko kwenye vituo maalumu. Alikuja na mbwa aliyeondolewa sehemu kubwa ya tabaka la juu la ubongo, na mbwa huyo alitembea. Ferrier alisema vituo vipo. Alikuwa na tumbili aliyepooza upande mmoja baada ya kuondolewa eneo la mwendo upande wa pili wa ubongo. Wajumbe walikwenda King's College, hapa Strand, mchana kuwatazama wanyama wenyewe. Inasimuliwa kwamba Jean-Martin Charcot, daktari wa hospitali ya Salpêtrière ya Paris, alipomwona tumbili akiburuta mguu, alitamka kwa Kifaransa: "Huyu ni mgonjwa!"

Jambo ambalo watu husahau ni lililofuata. Hoja haikuamuliwa kwa makofi. Wanyama wote wawili waliuawa, na bongo zao zikakabidhiwa kamati iliyokuwa na Gowers ndani yake. Kidonda cha tumbili kilikuwa pale Ferrier alipotabiri. Kile cha mbwa kilikuwa kidogo kuliko Goltz alivyoamini. Ufasaha wa Goltz ukumbini haukuweza kitu mbele ya hilo, na mpaka leo mada ya mgonjwa mmoja isiyo na picha za kidonda za kuonyesha kila kipande hupokewa kwa ubaridi uleule.

Miezi mitatu baadaye, Novemba 1881, Ferrier alifikishwa mahakamani Bow Street kwa mashtaka ya kufanya majaribio kwa wanyama bila kibali chini ya sheria ya mwaka 1876. Shauri lilianguka: upasuaji ulikuwa umefanywa na Gerald Yeo, aliyekuwa na kibali. Ni mwendo wa dakika kumi kutoka Strand. Anayepanga utafiti leo na kuona fomu za kamati ya maadili ni usumbufu apite mtaa huu.

Kurudi Bloomsbury tulichukua teksi nyeusi. Ni ghali kuliko basi mara nyingi, ila kwa somo letu ina maana yake. Madereva hawa hukariri mitaa kama 25,000 ndani ya maili sita kutoka Charing Cross. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake wa Queen Square walilinganisha madereva 16 na watu wengine, wakakuta sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu na njia, kubwa zaidi kwa madereva. Wakosoaji waliuliza: labda wenye hipokampasi kubwa ndio wanaochagua udereva? Jibu lilikuja mwaka 2011, baada ya kuwafuata wanafunzi 79 wa udereva tangu mwanzo. Waliofaulu, 39, walionyesha ongezeko, walioshindwa hawakuonyesha. Na kulikuwa na gharama: waliofaulu walifanya vibaya zaidi kwenye kukumbuka mchoro tata baada ya muda. Dereva wetu aliijua habari hiyo kwa kina, akaongeza njia tatu za kufika Queen Square bila kugusa barabara kuu, na hakuwasha ramani hata mara moja.

Alhamisi, 25 Septemba. Treni, na bango lisiloingia

Fika kituo cha St Pancras saa moja na nusu kabla ya treni kuondoka. Ukaguzi wa pasipoti wa Ufaransa unafanyika hapohapo London, kwa hiyo viza ya Schengen, barua ya mwaliko na bima ziwe mkononi wala si chini ya sanduku. Treni hutumia saa mbili na robo hivi hadi Gare du Nord.

Neno kuhusu mabango. Kikao kikidai ukubwa wa A0, hiyo ni milimita 841 kwa 1189. Ukilikunja kama mkeka kwa upande mfupi, bomba lake linazidi sentimita 84, na pamoja na vifuniko linapita kikomo cha sentimita 85 ambacho treni hii imeweka kwa mzigo wa kawaida. Ndani ya ndege ni tatizo zaidi, maana sehemu ya mizigo ya mkononi haikaribii urefu huo. Dawa ni kuchapisha kwenye kitambaa. Kinakunjwa na kuingia begini, na mikunjo huisha kikining'inia usiku kucha karibu na mvuke wa bafu. Kabla ya kuchapisha uliza mambo mawili: bango ni la wima au la mlalo, na ubao unatumia pini au gundi ya kunata. Kitambaa na gundi havipatani.

Tiketi moja ya metro Paris mwaka 2025 ilikuwa yuro 2.50. Alasiri tulikwenda Odéon. Mtaa wa École de Médecine una mambo mawili. Nambari 15 ndiko lilikokuwa jumba la makumbusho la Dupuytren, lililotunza bongo za wagonjwa wa Paul Broca, daktari aliyehusisha usemi na sehemu ya mbele ya ubongo. Lilifungwa mwaka 2016, na mkusanyiko ukahamishiwa kampasi ya Jussieu; usije hapa ukitarajia kuuona. Nambari 12, jengo la kitivo la upande wa pili, ndiyo makao ya mchoro mkubwa wa André Brouillet wa mwaka 1887: Charcot akifundisha, na mgonjwa wake Blanche Wittmann akiwa ameanguka mikononi mwa msaidizi wake Babinski, mbele ya wanaume waliojaa chumba. Hakikisha siku za kufunguliwa kabla ya kwenda.

Ukiutazama mchoro huo kwa jicho la leo, swali la kwanza si la kitabibu. Huyu mwanamke alikubali? Ridhaa ya matibabu haitoshi kwa video ya kufundishia. Kuwe na fomu ya pili inayosema video itaonyeshwa kwa nani, wapi, kwa muda gani, na mgonjwa anaweza kuiondoa vipi. Mwenye afasia, yaani aliyepoteza uwezo wa lugha kwa sababu ya kidonda cha ubongo, asomewe kwa sentensi fupi zenye picha, na aulizwe tena siku nyingine.

Ijumaa, 26 Septemba. Salpêtrière

Kutoka Gare du Nord mstari wa 5 unakwenda moja kwa moja hadi Saint-Marcel. Hospitali ya Pitié-Salpêtrière ni kama mji mdogo wenye mitaa yake, na majengo yana majina ya madaktari badala ya nambari zinazofuatana. Jina la jengo peke yake halikufikishi. Omba waandaaji wakutumie ramani yenye lango la kuingilia. Mlinzi wa lango la Boulevard de l'Hôpital aliacha kibanda chake akatusindikiza hadi kona ya kanisa la Saint-Louis, akaonyesha kwa mkono, akarudi mbio.

Charcot alikuwa na mihadhara ya aina mbili hapa. Ya Ijumaa iliandaliwa kwa makini, na michoro ubaoni. Ya Jumanne ilikuwa papo kwa papo: mgonjwa wa siku hiyo anaingia, na mwalimu anafikiri kwa sauti mbele ya watu. Freud alifika Oktoba 1885, akakaa hadi Februari 1886. Kwa mwanafunzi wa leo, ile ya Jumanne ina faida zaidi, kwa sababu inaonyesha dhana inavyobadilika njiani. Ila Charcot pia ni onyo. Wagonjwa wake wa histeria walijifunza kutoa dalili ambazo ukumbi ulizitarajia, na mwalimu hakuwa na njia ya kuwapima bila wao kujua anachotafuta. Mpimaji asiyejua mgonjwa yuko kundi gani ni kinga ambayo ukumbi ule haukuwa nayo.

Kikao cha siku hiyo kilikuwa kwa Kifaransa, chenye wakalimani. Kuna adabu zake. Watumie wakalimani slaidi siku mbili kabla, pamoja na orodha ya majina ya vipimo na vifupisho. Punguza mwendo wa usemi. Ukikimbia, mkalimani huanza kuacha sentensi nzima, na hutajua zipi. Usisome nukuu ambayo hawana. Kwenye maswali ngoja hadi sauti ya masikioni imalizike ndipo ujibu, la sivyo nusu ya ukumbi inasikia jibu kabla ya swali. Chakula cha mchana ni cha kukaa, na kinakwenda zaidi ya saa moja. Kukiruka ili kupanga slaidi ni hasara, maana mazungumzo ya kazi yanafanyika pale mezani.

Ukumbi wa jioni ulirudi kwenye mjadala wa mwaka 1908, na ulistahili. Pierre Marie alikuwa ameandika mwaka 1906 kwamba mkunjo wa tatu wa sehemu ya mbele, "eneo la Broca", hauna kazi yoyote maalumu katika lugha. Jules Dejerine alikataa. Chama cha neurolojia cha Paris kikatenga vikao vitatu, tarehe 11 Juni, 9 Julai na 23 Julai 1908, kwa maswali yaliyopangwa mapema. Augusta Dejerine-Klumpke alileta anatomia: ndani ya eneo ambalo Marie aliliita la utamkaji tu, zinapita nyuzi zitokazo kwenye mkunjo uleule aliokuwa anaukana. Hawakukubaliana. Lakini walitenga maswali ya kliniki na ya anatomia, kila moja na siku yake, na utaratibu huo ungefaa mijadala yetu mingi ambayo huchanganya vyote katika dakika 20.

Jumamosi, 27 Septemba. Bicêtre, kisha uwanja wa ndege

Mstari wa 14 wa metro umefika hospitali ya Bicêtre tangu 2024, kwa hiyo safari ya kusini mwa jiji imekuwa nyepesi. Kwa jicho la mtalii hakuna cha kuona. Ni hospitali inayofanya kazi, na hairuhusiwi kuzurura wodini. Ua wa nje unatosha kufuata tarehe. Leborgne, mgonjwa maarufu wa Broca, aliishi hapa miaka 21 akitamka karibu neno moja tu, "tan". Tarehe 11 Aprili 1861 alihamishiwa wodi ya upasuaji ya Broca kwa sababu ya mguu wa kulia uliooza. Alifariki tarehe 17. Tarehe 18 ubongo wake ulikuwa mbele ya chama cha anthropolojia cha Paris.

Haraka hiyo ilikuwa na sababu: chama kilikuwa katikati ya ubishi, na Ernest Auburtin alikuwa amesema yuko tayari kuacha dhana yake, kwamba usemi uko sehemu ya mbele ya ubongo, akionyeshwa mgonjwa mmoja tu wa kuipinga. Broca alifanya jambo moja ambalo vizazi vilivyofuata vimelishukuru: hakuukata ubongo. Aliuhifadhi mzima. Ndiyo maana mwaka 2007 Nina Dronkers na wenzake waliweza kuupiga picha za MRI na kuonyesha kwamba kidonda kilizama ndani zaidi, hadi kwenye insula, sehemu iliyojificha ndani ya mkunjo wa pembeni, na njia kuu ya nyuzi inayounganisha mbele na nyuma. Eneo tunaloliita la Broca halikuwa peke yake lililoharibika kwa mgonjwa wa Broca.

Treni ya RER B kutoka Gare du Nord hadi uwanja wa Charles de Gaulle ni kama dakika 35, na tiketi ya uwanja wa ndege mwaka 2025 ilikuwa yuro 13. Tiketi ya kawaida ya metro haifungui lango la kutokea, na mkaguzi hasikilizi maelezo. Cheti cha ushiriki chukua mkononi kabla ya kikao kufungwa, kikiwa na saa za mafunzo zilizoandikwa kwa tarakimu, sahihi na mhuri. Kukifuatilia kwa barua pepe baada ya kurudi huchukua miezi, na baraza la taaluma likikagua pointi za mwaka halipokei beji ya shingoni.